Samaki wa Ijumaa

Saint-Léger, Jumapili, 22 Machi 1998

Mwanangu Solène,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. U mzima? Kifundo cha mguu kimepona au bado unakifunga? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limekataa kukunjika tangu lile basi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na leo nina hasira za kutosha bila hizo.

Mwanangu, sikukuona.

Acha nikueleze. Klabu yetu ya wazee ilichagua kuja huko Paris kwenye kabareti yenu, kula na kutazama ngoma, siku ya Ijumaa, katikati ya Kwaresima, kwa sababu basi lilipatikana siku hiyo tu. Padri Baudry alisema yeye hajaambiwa kitu, na tafadhali asiambiwe. Unajua miaka kumi na moja nimekataa kuja kutazama mabinti wa watu wenye manyoya kichwani na miguu wazi. Lakini uliponiandikia mwezi wa Januari kwamba mwenzako Corinne amejifungua, na wewe umepewa ngoma yake ya peke yake, gauni jeupe refu, mikono mpaka kwenye kiganja, nikasema hiyo naweza kuitazama hata nikiwa na rozari mkononi.

Tukakalishwa meza moja ndefu na watu wa kiwanda cha matairi wasionyamaza. Chakula cha huko hakichaguliwi, kila mtu anawekewa kilekile, bata na viazi. Nikamwambia mhudumu leo Ijumaa, sili nyama. Jirani yangu Ginette akanicheka mbele ya meza nzima.

“Kula, Bernadette. Mungu hahesabu bata gizani.”

Nikamwambia Mungu anaona gizani vizuri kuliko yeye anavyoona mchana na miwani yake. Bata akaondolewa, nikala mkate, nikaridhika. Wenye manyoya walipopita nilitazama kitambaa cha meza. Halafu taa zikafifia, mtangazaji akataja jina lako lote, na la marehemu baba yako, mbele ya watu wote wale. Nikainua uso.

Hapo ndipo mhudumu akaja na samaki.

Mimi sikuagiza samaki. Samaki mzima na kichwa chake, kwenye sinia, na huko desturi yao lazima wamtoe miba mbele yako. Akasimama kati yangu na jukwaa, ameinama, tochi ameibana kwa meno, anamfungua yule samaki taratibu kama daktari wa upasuaji. Nikamwambia ondoka. Akaitoa tochi mdomoni, akasema, “Kidogo tu, bibi, kuna miba.” Nikamsukuma, mchuzi wote ukamwagikia sketi yangu ya kanisani. Alipomaliza, watu walikuwa wanapiga makofi na pazia linafungwa. Na mimi nikapiga, sijui nilikuwa nampigia nani.

Ginette aliona yote. Tangu juzi ananisimulia mikono yako ilivyokuwa, mpaka nimemwomba aache. Nitafutie aliyeagiza yule samaki. Mwambie nimemsamehe, lakini kwa shida.

Mama yako

Paris, Alhamisi, 26 Machi 1998

Shikamoo Mama,

Pole na goti, usipande ngazi nalo. Mguu wangu umepona.

Aliyeagiza samaki ni mimi.

Nilijua ni Ijumaa, na nilijua utashiba mkate na kumwambia kila mtu umeridhika. Nikambembeleza mpishi. Akakubali, kisha akasahau, akakumbuka saa ileile isiyofaa.

Mama, nilitafuta meza yenu tangu hatua ya kwanza. Nikaona mgongo wa mtu mwenye koti jeusi. Nimecheza ngoma nzima nikiutazama mgongo huo. Nilidhani umemwita makusudi ili usinione. Wakati navua gauni niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu hakuja.

Sisi hufungua Ijumaa na Jumamosi tu, na wiki hii tumefunga, jukwaa linatengenezwa. Jumamosi ya tarehe nne Corinne anarudi kwenye nafasi yake, na mimi narudi kwenye manyoya. Imebaki Ijumaa moja, tarehe tatu. Najua Ijumaa hiyo ni zamu yako kusoma Njia ya Msalaba kanisani, kwa hiyo sikuombi kitu. Nimekasirika tu, na sijui nimkasirikie nani.

Binti yako

Saint-Léger, Jumapili, 29 Machi 1998

Mwanangu mpenzi,

Salamu tena. Unakula? Unalala? Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae. Sikumwita yule mtu. Usiponiamini, sketi ipo, doa limegoma kutoka.

Leo baada ya misa nilimfuata Padri Baudry nikamwambia Ijumaa hii sitasoma Njia ya Msalaba. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi, naenda kwenye kabareti kumtazama binti yangu. Alikohoa kwa muda. Kisha akasema, “Basi safari hii nimeambiwa.” Atasoma Ginette, ambaye husoma kama mtu anayekimbilia basi, lakini Bwana amevumilia makubwa kuliko hayo.

Nakuja kwa treni, peke yangu. Mwombe meneja anipe kiti popote, hata mwisho kabisa, mradi mbele yangu asisimame mtu. Usiniagizie samaki. Kama hawakalishi mtu bila chakula, waniwekee bata wao, nitamwacha apoe. Wewe niambie tu unaingilia upande gani wa jukwaa, kulia au kushoto, ili nianze kutazama huko mapema.

Tafadhali nijibu upesi, barua inifikie kabla ya Ijumaa.

Mama yako