Filta Iliyokaa Chini ya Kitanda

Papa,

Ile filta ya kuchuja maji ya shamba nimeifunga. Najua nimechelewa. Ilikaa kwenye boksi chini ya kitanda changu tangu mvua za mwaka jana, na kila tukitoka kanisani uliniuliza, "Apolot, leo ndiyo leo?" Nami nikakujibu, wiki ijayo. Nilidhani tuna wiki nyingi.

Siku za matanga hakuna aliyeshika jembe, mila ni mila. Tuliporudi shambani, nyanya zilikuwa zimelala chini. Pampu ilivuta maji ya mto, tangi likajaa, lakini mipira ya kumwagilia haikutoa hata tone. Matope yalikuwa yameziba vitundu vyote. Ndipo nilipoelewa, Papa. Kila alfajiri, mimi nikiwa bado kwenye blanketi, wewe ulitembea mstari kwa mstari, ukang'oa vizibo vya ncha za mipira kwa meno, ukapuliza mpaka njia ikafunguka. Ulirudi na matope kwenye masharubu, nami nikakutania, "Mzee umekunywa chai ya mto." Ukacheka. Mimi sasa siwezi kucheka.

Niliifunga kati ya tangi na bomba kubwa, nyuzi za viungio vyake nikazizungushia ile tepu nyeupe ulivyonifundisha. Mara ya kwanza niliifunga kinyume, mshale wa njia ya maji unaangalia tangi. Ungenicheka mpaka ukohoe. Nikaifungua, nikaigeuza, nikatoa vizibo ili maji ya pampu yasukume matope ya zamani, kisha nikavirudisha. Maji yakafika mstari wa mwisho kule mpakani na jirani. Mama akapiga kigelegele, halafu akaketi kwenye tuta akalia.

Sasa kaka anataka tung'oe mipira yote tuweke mipya. Anasema ncha zimetafunwa. Papa, ni meno yako. Yako kwenye kila ncha, hata lile pengo lako la mbele linaonekana. Nimemwambia aguse chochote hapa nyumbani, lakini si hiyo mipira. Tumegombana. Bado hatuongei.

Jana nilipiga magoti kwenye mstari wa kwanza, nikatoa kizibo, nikaweka mdomo pale pako. Mpira haukuwa umeziba. Nikapuliza tu.

Nisamehe, Papa. Kazi ya saa moja ilinishinda mwaka mzima, na wewe ukailipia kwa kifua chako, kwa kile kikohozi kilichokuchukua.

Pumzika sasa, usiamke mapema tena. Filta nitaiosha mimi kila alfajiri, saa zile zako. Sitasema wiki ijayo.

Binti yako,
Apolot