Mtani wangu na amri ya kuhifadhi

Ijumaa. Kipupwe kimeingia Mtwara. Asubuhi nimetoka na sweta, lakini hasira ndiyo iliyonipa joto.

Nimesalitiwa. Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikalirudisha.

Kwa msiojua, kazi yangu ni kufuatilia ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka maua ya mikorosho vumbi jeupe. Natembelea mashamba ya wakulima kuanzia Naliendele hadi Msimbati, napima, napiga picha, narudi ofisini kuingiza kwenye kompyuta. Nikimaliza naandika `hifadhi`, amri niliyoitengeneza mwenyewe, nayo inapeleka kila kitu kwenye hazina ya data ya ofisi. Mwaka huu kuna nafasi moja ya kwenda kusoma, na mkuu wetu alisema atapewa mwenye kazi ya kuonesha.

Deo tunakaa meza moja. Kabila lake na langu ni watani, na jamani tumetaniana. Nikienda kuswali anakaa kwenye kiti changu na kunichezea kompyuta. Siku moja nilitaka kuona orodha ya mafaili, kompyuta ikanijibu, "Mtani, hujashiba tu?" Ofisi nzima ilicheka, nami nilicheka hadi machozi. Tangu hapo kompyuta ikifanya la ajabu simwiti fundi. Nasema ni Deo huyo, naendelea na kazi.

Jana kikaoni Deo aliwasilisha kazi yake. Katikati ya picha zake nikaona mkorosho wa Bi Somoe, mkulima wetu wa Msimbati, una kipande cha khanga nilichofunga mimi tawini ili nisiupoteze. Picha ile sijawahi kumpa mtu. Watu wakapiga makofi, nafasi akapewa yeye.

Leo nimeiuliza kompyuta. Kwanza `which hifadhi`, kuuliza amri hiyo iko wapi. Ikanionesha faili la amri yangu palepale nilipoliweka, salama, nikajilaumu kwa kumdhania mwenzangu mabaya. Lakini `which` inatafuta mafaili tu. Nikaandika `type hifadhi`, maana hiyo ndiyo inayokwambia amri yako itachukuliwaje hasa ukibonyeza Enter. Ikajibu kwamba hifadhi ni jina la mkato: linaita amri yangu kwanza, kisha linanakili kila kitu kwenda kwenye folda ya Deo.

Kila nilipohifadhi, nilimhifadhia yeye.

Nikamwita aone. Akatazama skrini, akatabasamu vilevile. "Aa, mtani wangu, ndo unanuna? Mtani hanuni bwana!"

Jibu lake ninalo sasa. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku na usimfanye kitu, ni haki yake. Lakini anambeba mchana, anakutangazia, na kuku mwenyewe anapiga kelele mtaa mzima. Anayekuja kimya ana jina lingine.

Ule mstari wa jina la mkato sijaufuta. Jumatatu nitamwomba mkuu akae kwenye kiti changu, aandike `type hifadhi` kwa vidole vyake, Deo akiwapo. Wakisema sijui utani, basi sijui.

Ila nafasi ya masomo siyo inayoniuma zaidi.

Mwaka jana baba alipofariki, Deo alikuja hadi kijijini kutimiza utani wa msibani. Alivaa koti la marehemu, akaiga kikohozi chake, akagombana na wachimba kaburi kwamba shimo ni fupi, mzee atakunja miguu. Mama alikuwa hajala wala kusema neno. Alicheka. Siku ile nilimpenda Deo kama ndugu wa tumbo moja.

Leo nimeangalia tarehe: faili lenye ule mstari halijaguswa tangu kabla ya msiba. Alikuwa ameshaanza.

Jioni mama kapiga simu. Kama kawaida yake, kabla ya kukata akauliza, "Na mtani wetu, hajambo?"

Nikamwambia hajambo.