Kilio ya Mama Pulchérie

Siku ya kwanza, 1/7/2002
Batoto ba masomo, Gentille na Bonaventure, balikuya na kamera ya mupadri. Banatafuta groupe, jenereta ya kuchajia batri. Ni mi niko nayo! Salle ya video Baraka, chumba ya kuonyeshea filme, ni yangu. Banataka kugeuza shairi ya mama Pulchérie, Mumbuti, kuwa filme fupi. Ni kilio alitunga ju ya bafu, bantu bale balikufa mu vita. Nikauliza: kuko karate? Gentille akanijibu: Yaya Isidore, kuko kulia tu. — Basi nitauzisha na mouchoirs ya kufutia machozi!

Siku ya tatu, 3/7
Tulipanda kwa mama. Kwa Bambuti, mwenye kulilia bafu anaangalia fasi, pahali balizikwa. Bila vile bafu habasikie. Akageukia kilima moja, akaanza. Mi nashika kamera. Bonaventure akaniambia ku sikio: fuata macho yake! Nikafuata — kilima ikaonekana karibu kabisa mu kamera, na moshi kidogo juu. Muzuri!
Mama akakata shairi, akaonyesha kamera na kidole. Akasema ule moshi ni wa bwana yake na bandugu, bazima, banajificha pale karibu na makaburi. Balikimbia baaskari, balichoka kubebeshwa mizigo. "Mutoe ile picha." Gentille akaapa atakata.

Siku ya posho, Jumamosi 6/7
Mashine ya kukata filme hakuna. Na mi nilishapiga mégaphone ku soko: filme! Mama anawaonyesha fasi bafu beko! Komanda wa bale baaskari akasikia, akatuma muntu: kesho ataangalia wa kwanza. Gentille: "We na kinywa yako!"
Nikavuta bande yote, ile utepe ya kaseti, nikachoma. Nikacheka. Peke yangu.

Siku ya Mungu, 7/7
Komanda alikuya. Nikasema: mashine ilikula kaseti, ilikuwa na njaa! Hakucheka. Akatuma balete mama mwenyewe. Askari yake mumoja ni wa huku, anajua desturi: akamwambia fasi mama ataangalia ndiko makaburi, na bale balikimbia habako mbali. Bakamusimamisha mbele ya salle. Komanda: "Lia."
Mama akafunga macho. Akageukia ziwa, upande wa rasi ya Ubwari. Akasema shairi yote, hakuruka neno. Kule Ubwari mama hana mufu hata mumoja. Komanda akatuma baaskari kule na mutumbwi ya motere. Sisi na mama bakatufungia mu salle mpaka barudi.
Nikasema polepole: mama, ulibadanganya muzuri.
— Baaskari, ndiyo. Na bafu?
Sasa ameangalia ukuta, upande wa kilima. Anaanza tena, midomo tu, bila sauti. Askari ku mulango hajaona.
Motere ya baaskari inasikika ku ziwa. Inarudi mbio —