Ampea Nne Zilizomhamisha Mama Zuhura

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na njia ya kuingia kwangu hapa Kibabii imekuwa uji mtupu. Nimevua viatu nikaviacha nje. Nimekaa kitandani, sijapika, wala sina hamu ya kupika.

Leo nimemwomba mtu msamaha. Nilidhani nitarudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Mnaosoma hapa mnajua kazi yangu. Nafunga sola na betri za lithiamu, kuanzia Bungoma hadi Kitale, mara nyingine mpaka Suam. Huwa naandika yaliyoniendea vizuri. Hili nimelizunguka wiki nzima, nafungua ukurasa, naufunga. Mama Zuhura si jina lake. Yeye mwenyewe ameniomba niandike, mradi nisimtaje.

Kitale kuna mwalimu mstaafu ambaye mtaa wote unamwita Mwalimu. Mimi ndiye niliyemfungia sola. Ana friza ya maziwa, majirani wananunua mala, yale maziwa ya mgando, kwake. Nyuma ya nyumba yake kuna chumba cha kupangisha, na humo aliishi Mama Zuhura, mshonaji wa nguo, kwa miaka kumi na mmoja. Hawakuwa mwenye nyumba na mpangaji, walikuwa dada. Idi sahani ya pilau ilivuka ua ikaenda kwa Mwalimu, Krismasi kuku akavuka kwenda kwa Mama Zuhura. Mwalimu alipovunjika mkono, Mama Zuhura ndiye aliyekuwa akimsuka nywele.

Chumba hicho kilipata stima kutoka kwa betri ya Mwalimu. Balbu moja na mahali pa kuchaji simu.

Miezi mitatu iliyopita Mwalimu alinipigia. Maziwa yalikuwa yameharibika mara ya pili wiki hiyo. Mchana jua lilijaza betri mpaka mia kwa mia, lakini kabla ya kupambazuka ilikuwa imeshuka hadi asilimia kumi na mbili, na inverta, ile inayogeuza stima ya betri iwe ya kutumika nyumbani, ikajizima. Betri ile haikuwa ya kuisha hivyo, maana friza na balbu chache haziwezi kuimaliza.

Nilifungua app nikiwa nimeketi hapa hapa. Ndani ya kila betri ya lithiamu kuna kifaa kinachoitwa BMS. Kazi yake ni kuilinda betri, kuhesabu stima inayoingia na inayotoka, na kutuma hesabu hiyo kwa simu yangu. Ukiondoa stima ya jua na ya friza, ilionyesha ampea nne zinatoka wakati wote. Hata Jumapili saa tano asubuhi, Mwalimu akiwa kanisani na friza imechomolewa isafishwe, ampea nne zilikuwa zinatoka.

Jumapili saa tano, katika boma lile, anayekuwa nyumbani ni mtu mmoja tu.

Sitaki kujipamba. Niliwaza hivyo kabla hata sijamaliza kuangalia zile namba.

Nilienda Kitale kesho yake. Nilikuwa na mteja mwingine Suam aliyekuwa ananipigia kila baada ya dakika kumi, kwa hivyo sikutoa hata mita ya kupimia stima kwenye begi. Nilisimama uani na simu mkononi.

"Sasa hii stima inaenda wapi, Nelima?" Mwalimu akaniuliza.

"Kuna mtu anaivuta, Mwalimu. Angalia Jumapili, ukiwa kanisani."

Mama Zuhura alikuwa anaanika nguo. Alisikia. Aliweka beseni chini akaja pole pole, mikono ikiwa bado na maji.

"Fundi, mimi niko na balbu moja na pasi ya makaa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga na miguu. Si uingie uangalie?"

Mlango wake ulikuwa wazi. Hatua kama nane hivi.

Sikuingia.

"Mama, hii simu haina ubaya na mtu," nilimwambia. "Inasoma tu vile iko."

Hiyo sentensi niliitoa kwa sauti ya upole, na nakumbuka nilijisifu moyoni kwa kutomwita mwizi. Kisha nikapiga picha ya skrini, ile ya Jumapili, nikamtumia Mwalimu. Nikaenda Suam.

Mwalimu aliituma kwa grupu ya familia. Mwanawe mkubwa, aliye Nairobi, akampigia Mama Zuhura moja kwa moja, akamwambia atafute kwingine ifikapo mwisho wa mwezi. Mama Zuhura hakungoja mwisho wa mwezi. Siku ya nne alipakia cherehani na vitambaa akarudi kwa kakake, hapa Bungoma. Mwalimu alijifungia jikoni mpaka gari lilipoondoka. Hayo Mwalimu alinieleza mwenyewe wiki jana, na hakuniangalia akieleza.

Nami niliendelea na kazi zangu. Sikuwaza tena kuhusu jambo hilo.

Wiki jana Mwalimu akapiga simu. Sauti ilikuwa ya ajabu, kama mtu anayesoma tangazo. "Nelima, kile chumba kiko tupu. Nimekifunga na kufuli. Na stima haijaacha kuibiwa tangu aondoke, nimeona tu aibu kukupigia."

Safari hii nilifika Kitale asubuhi na mapema, nikatoa mita. Skrini ilisema asilimia kumi na moja. Nilipopima betri yenyewe nikapata volti hamsini na tatu na kidogo, na betri ya aina ile ikiwa na volti hizo imekaribia kujaa. Nikapima tena. Nikachomoa friza, nikazima taa zote, mwishowe nikaondoa nyaya zote mbili kubwa kwenye betri. Ilikuwa imesimama peke yake, haijaunganishwa na kitu chochote duniani.

Skrini ikasema: ampea nne zinatoka.

Nilikaa chini kwenye simiti. Hakukuwa na mtu aliyevuta stima. BMS ilikuwa imepoteza sifuri yake, ikihesabu ampea nne ambazo hazikuwepo, usiku na mchana, ikizipunguza kwenye hesabu ya betri iliyojaa mpaka inverta ikaamini imeisha na kujizima. Na namba yenyewe ilikuwa imeniambia tangu siku ya kwanza, kama ningeitazama kama fundi. Mtu akipiga pasi, humaliza akazima. Namba hupanda, hushuka. Ile ilikuwa nne asubuhi, nne adhuhuri, nne jioni. Hakuna mwizi anayeiba kwa utaratibu kama huo.

Nilifungua betri. Kwenye kile kipande kinachopima mkondo kulikuwa na kutu ya kijani. Unyevu. Upande wa pili wa ukuta nilikofunga betri ni bafu. Na ukuta niliuchagua mimi, kwa sababu ulinipunguzia urefu wa waya.

Nilimweleza Mwalimu yote, pamoja na ukuta. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Alikuambia uingie uangalie."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Niliskia akikuambia." Akaketi. "Na mimi je? Wewe ulikuwa humjui. Mimi nimeishi na yeye miaka kumi na mmoja, nikaamini simu."

Nilibadilisha BMS na kuhamisha betri ukuta mwingine. Kazi nzima haikuchukua hata siku moja.

Leo ndipo nimeenda kwa Mama Zuhura. Anashonea kwenye veranda ya duka la kakake, nyuma ya msikiti, anatengeneza sare za shule. Aliponiona hakushtuka. Alinionyesha benchi kwa kidevu, akaendelea kukanyaga.

Nilikuwa nimejipanga njiani. Nikamweleza kutu, nikamweleza sifuri iliyopotea, nikaona naongea sana.

"Kwa hivyo haikuwa mtu," akasema.

"Haikuwa mtu. Nilikosea, Mama Zuhura. Naomba unisamehe."

Akakata uzi kwa meno. "Kuna mteja wangu huko Kitale, nimemshonea tangu aolewe. Habari ilipomfikia, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Ati atarudi. Hakuwa ananiangalia kwa macho." Akainua kichwa. "Sasa umekuja kuniambia mimi si mwizi. Mimi si nilikuwa najua? Waambie wale hawajui."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekuja kuomba msamaha pale penye watu wawili tu, nikitumaini yaishie hapo benchini.

Nikatoa simu, nikaanza kumwandikia Mwalimu ujumbe wa kupeleka kwenye ile grupu. Mama Zuhura akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma: kulikuwa na hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa betri.

"Hiyo hitilafu haina jina?"

Nikafuta. Nikaandika tena, na tena. Uliotumwa ulisema hivi: mimi Nelima, fundi, nilimshuku Mama Zuhura bila kupima, aliponiita nikague chumba chake nilikataa, hakuchukua stima ya mtu, na ubovu ulitokana na mahali nilipoweka betri. Nikaambatisha picha mpya, betri bila nyaya, ampea nne. Nilipomsomea huo wa mwisho akaitikia kwa kichwa mara moja.

Haikupita nusu saa, Mwalimu akautuma kwenye grupu, kisha akapiga kwa simu yangu. Niliposikia analia nikampa Mama Zuhura. Alisikiliza muda mrefu, mkono wake mwingine ukilainisha kola ya shati iliyokuwa kwenye cherehani.

"Nimekuskia, Mwalimu," akasema. Halafu tena, "Nimekuskia. Lakini si leo."

Akanirudishia simu. Hakusema amenisamehe. Aliniambia tu mvua inakuja, niende mapema. Nilipoinuka aliuliza kama naweza kuandika haya mahali watu wengi watasoma. Ndiyo sababu mnasoma.

Sasa giza linaingia na bado sijawasha taa. Nimekuwa nikijiuliza ni nini kilichonizuia zile hatua nane. Haraka ya Suam, ndiyo. Lakini pia kule kuwa na jibu tayari mkononi, likiwa na namba na rangi, jibu lisilonidai kumwangalia mtu machoni. Je, ningekuwa na haraka hiyo kama mlango ule ungekuwa wa Mwalimu?

Tangu nirudi nimekuwa nikipitia orodha ya wateja wangu. Kuna nyumba moja katika mji mdogo uitwao Kwanza. Walilalamika kama Mwalimu, betri inaisha ovyo, nami sikwenda. Niliangalia app nikawaambia kwa simu kwamba labda ni msichana wa kazi, anatumia kitu wasichokijua. Walinishukuru sana. Sijawahi kuuliza yalivyoisha.

Nimewapigia sasa hivi. Nimeuliza kuhusu betri kwanza, kisha nikauliza kuhusu msichana.

Wamesema aliondoka zamani. Wana namba ya mamake.

Kesho Jumapili, nitaanza na kuipiga.