Sufuri Ishirini na Moja za Othaya

Mpendwa Baba,

Ukucha wako kwenye gilasi: ti, ti, ti. Ndiyo sauti niliyobaki nayo tangu tukuzike. Kila siku saa tatu asubuhi ulikwenda kwenye kipimamvua nyuma ya kiwanda cha kahawa, ukamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, ukaigonga mara tatu ili matone yaliyoshika pembeni yashuke, kisha ukainama hadi jicho likawa sawa na maji. "Andika, mami," uliniambia. Nina jina la mama yako, hukuwahi kuniita vinginevyo. Kama hakukunyesha, niliandika sufuri. Siku ambayo hukupima, kistari. Ulinikemea mara moja tu kwa kuvichanganya. "Sufuri ni kipimo, mami. Inasema nilienda, nikaangalia. Kistari kinasema sikwenda."

Likizo ya Aprili nikiwa kidato cha tatu, ulilazwa hospitalini kwa sababu ya mguu, ukaniachia kazi. Siku ya kwanza gilasi ilinitoka mkononi ikavunjika kwenye jiwe. Nilifukia vipande chini ya mibuni. Kwa siku ishirini na moja, mvua ikipiga mabati hadi nyumbani hatusikilizani, niliandika sufuri. Kistari kingeulizwa sababu. Sufuri haiulizwi kitu.

Uliporudi, ukurasa wa mwezi ule ulikuwa umeshatumwa ofisi ya hali ya hewa, Nyeri. Ulifungua nakala yetu, ukatazama sufuri zangu, ukatazama matope mlangoni. Nilingoja. Ulisema tu, "Nitaomba gilasi nyingine." Hukulitaja tena mpaka ukafa, nami sikulitaja.

Sasa niko katika ofisi iliyopokea ukurasa ule. Naingiza vipimo vya zamani kwenye kompyuta na kuvichora. Natumia maktaba ya michoro, yaani amri zilizokwisha kuandikwa na wengine; kazi yangu ni kuziita. Jana nilichora vituo vinne kwenye ukurasa mmoja, kila kituo na grafu yake ndogo. Othaya, kituo chako, ya pili; Kianyaga ya mwisho. Mkubwa wangu, Bwana Ndirangu, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Ati wiki tatu za Aprili hakuna hata tone? Hii mvua ya Othaya ilienda wapi, ilipanda basi?"

Wenzangu wakacheka.

"Huyo mzee alikuwa anapima akiwa kitandani. Toa hiyo kituo yote. Kama alidanganya hapa, alidanganya kila mahali."

Miaka ishirini na sita, Baba. Asubuhi zako zote. Yeye hakujua kuwa ni wewe.

"Iko na sababu," nilisema. "Wacha niandike maelezo juu ya hiyo grafu."

"Andika. Lakini ripoti inatoka kesho saa nane."

Niliandika neno moja: Hakukupimwa. Printa ikakwaruza, karatasi ikatoka, na neno langu lilikuwa juu ya Kianyaga. Nikabadilisha namba za mahali pa neno. Likasogea kidogo, bado Kianyaga. Kule kuna mpimaji nisiyemjua, ambaye huenda hakukosa hata siku moja. Mara ya pili kosa langu lilikuwa linamwangukia mtu asiye na hatia.

Sababu yenyewe ilikuwa ndogo. Nilichora grafu zote nne kwanza, ndipo nikaandika maneno. Usipotaja grafu, maneno huenda kwenye ile iliyochorwa mwisho. Ni lazima kwanza uitaje grafu unayoitaka, hapa ile ya pili, kisha uonyeshe mahali kwa vipimo vya grafu hiyo: siku gani, milimita ngapi. Nilirekebisha, na neno likakaa Othaya. Lakini sikuweza kuondoka kwenye kiti. Hakukupimwa na nani? Hata hapo nilikuwa sijajitaja.

Leo asubuhi nimeziondoa sufuri zote ishirini na moja. Mstari wa Othaya unakatika, halafu unaanza tena. Kwenye pengo nimeandika: "Sikupima. Nilivunja gilasi nikaandika sufuri. Mpimaji alikuwa hospitalini." Chini yake nimetia jina langu kamili, lenye jina lako ndani.

Bwana Ndirangu aliisoma akiwa amesimama.

"Wewe, unajua hii ni kazi yako unachezea?"

"Najua."

"Na huyo mzee?"

"Ni baba yangu."

Kisha akairudisha karatasi mezani kwangu, bila kelele. "Bado unaweza kutoa hiyo kituo. Hakuna mtu atauliza. Fikiria mpaka saa nane."

Hakuna mtu atauliza. Hayo ndiyo maneno niliyojiambia nikifukia vipande vya gilasi.

Sikungoja saa nane. Saa sita nilitia nakala zote za ripoti kwenye bahasha, nikazipeleka posta mwenyewe, Othaya ikiwa ndani.

Pumzika, Baba. Safari hii nilienda, nikaangalia.

Binti yako uliyemwita mami