Nyumba ya Mama Kule Skimu

Skimu ya Shimba,
Kwale.
27 Septemba, 1964.

Kwa kaka yangu mpenzi Chome,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na mtoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuachia. Mimi mwili haujambo, namshukuru Mungu. Mjomba Fondo anakusalimu sana. Barua hii nampa Baya, yule dereva wa lori apitaye Lunga Lunga kuja huko Korogwe, kwa sababu simu ya maandishi tuliyokupelekea kwa posta ilirudi, wakasema umehamishwa kambi. Baya anajua yote, lakini nimemwomba asikwambie neno mpaka umalize kusoma. Kaa kitako, kaka, usome polepole.

Chuo chetu cha ualimu kilipofunga mwezi wa nane, wanafunzi tulijitolea kuja kujenga nyumba za bei nafuu kwa watu waliopewa viwanja huku skimu. Serikali ilitoa saruji kidogo, sisi tukatoa mikono, na mikono yenyewe ungeiona ungecheka. Mtu aliyezoea kushika chaki anapewa kalibu ya matofali, tofali la kwanza linatoka limepinda, la pili linamvunjikia miguuni. Sisi wasichana tulikanyaga udongo mpaka magotini huku tukiimba, na jioni kijiko kilitushinda kushika. Mkubwa wetu alikuwa Ngui, Mkamba ambaye wazazi wake wamehamia huku huku skimu, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Nilifurahi sana, siwezi kukuficha, maana mmoja wa waliopata kiwanja alikuwa mama.

Wewe unaijua ile miaka tuliyoishi kwenye shamba la minazi la watu kule Msambweni. Hata baba alipofariki, mama alikwenda kusimama barazani kwa mwenye shamba kuomba mahali pa kumlaza. Jambo lile halikumtoka moyoni. Alipolazwa hospitali, tumbo limemvimba, nilikuwa nikishuka kila Jumapili kumtazama, na wala hakunizungumzia dawa wala daktari. Aliuliza nyumba imefika wapi. Siku moja akanishika mkono akaniambia, "Mbodze, mimi sitaki makubwa. Siku yangu ikifika, nataka nitolewe kwenye mlango wangu, nizikwe kwangu."

Nawe wajua desturi yetu. Maiti hutolewa katika nyumba yake, iliyoezekwa na iliyokwisha kuwashwa moto, ndipo kaburi lichimbwe pale. Kiwanja kitupu kwa wazee wetu ni pori tu, hata uwe na karatasi ya serikali mkononi.

Kwa hiyo nilidhani tutaanza na nyumba ya mama, kwani mgonjwa alikuwa yeye peke yake. Ngui akaanza na ya Jumwa, yule mjane jirani yetu mwenye watoto wadogo. Ikafuata ya mzee mmoja wa upande wa bondeni, kisha nyingine, kisha nyingine. Kalibu zilikuwa chache, tukajenga moja moja. Kila nilipomwuliza Ngui alinijibu kwamba zamu ya mama itafika, na mimi nikamnunia, hata chai nikaacha kumtilia. Ilipofika kweli zamu yake, kuta zilipanda upesi mpaka kwenye madirisha, saruji ikaisha, na lori la kuleta nyingine likakwama Likoni.

Kaka, mama ametutoka. Alifariki Jumatano asubuhi, wiki mbili zilizopita, mkono wake u mkononi mwangu, na hakuumia sana mwishoni. Nisamehe kwa kukuzungusha. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nilishindwa kuliandika neno hilo mwanzo.

Tulimpakia garini tukamleta huku skimu. Ngui na wenzetu walikwisha kukusanya makuti kwa majirani, wanataka kuyatupia juu ya zile kuta ili paa lipatikane japo la siku moja. Mjomba Fondo aliwakataza, machozi yakimtoka. Alisema nyumba haijengwi ili kumdanganya maiti, na kwamba dada yake hakuwahi kulala pale wala kupika pale. Niliwaangalia wazee, hakuna aliyempinga. Basi mjomba akaenda Msambweni, akavua kofia barazani kwa mwenye shamba, akaomba. Alipewa nafasi kando ya baba, kwa sharti tusipande mti wala kujengea kaburi. Ndivyo tulivyomzika mama, Chome, kwa ruhusa ya mtu, kama alivyoogopa maisha yake yote.

Kwenye matanga nilimtukana Ngui mbele za watu. Nilimwambia ni yeye aliyemzika mama katika ardhi ya wengine. Aliinamisha kichwa, akasema, "Pole, dada," akachukua ndoo akaenda kuwatekea wageni maji.

Ndipo Jumwa akanivuta nyuma ya jiko. Alinieleza kwamba kabla hatujapiga hata tofali moja, Ngui alikwenda naye hospitali kumwambia mama kuwa nyumba yake itakuwa ya kwanza. Mama akakataa. Alikwisha kusikia watu wakinong'ona kuwa binti Kache, yaani mimi, amewaleta wanachuo wamjengee mamake. Alimwambia Ngui, "Anza na Jumwa. Wanawe wananyeshewa, mimi nina kitanda cha serikali. Ya kwangu iwe ya mwisho, na Mbodze asijue, maana hatakubali." Akamwapisha, na kijana wa watu akakishika kiapo chake hata nilipokuwa namtukana.

Nilikwenda kumtaka radhi. Hakuniuliza nimejuaje, alisogea tu akanipa nafasi kwenye udongo aliokuwa akiukanyaga. Kaka, nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na nilikuwa na nafuu wakati ule. Sasa namlilia mama na kumkasirikia pamoja. Alikuwa na haja moja tu duniani, akaitoa kwa ajili ya jina langu na watoto wa Jumwa, na sikumwomba anitolee.

Nyumba imekamilika juzi. Ina vyumba viwili na mabati mapya, na mlango ameuranda Ngui mwenyewe. Majirani walikuja kuitazama wakasimama uani, hakuna aliyeingia, kwani moto wa kwanza huwashwa na mwenye nyumba. Mjomba aliniuliza nani atauwasha. Ufunguo wamenikabidhi mimi. Nimeufunga kwenye pindo la leso ya mama.

Nisalimie wifi, umbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake ambaye hakujaliwa kumwona. Mungu akutie nguvu huko uliko, na Baya akisharudi anieleze umeipokeaje barua hii.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mbodze