Shule Mbili za Mposaji wa Rukia

Euless, Texas

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Dawa unaipaka kweli, au umeifungia kabatini tena? Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimeamua kuandika kwa sababu mengine ya humu siwezi kuyatamka kwenye simu.

Uliniagiza nimchunguze Suleiman kabla hamjaijibu posa yake kwa dada yangu Rukia. "Si mko huko huko Marekani?" ukasema, kana kwamba Pearland anakokaa ni chumba cha pili. Mama, ni zaidi ya saa nne kwa gari! Nikaenda, nikiwa nimeshamtia hatiani njiani. Injinia, ana nyumba yake, umri umesogea, na hana mke? Nikajiambia hapa lipo jambo.

Alinipokea vizuri mno, na hilo nalo likanitia shaka. Alipika pilau mwenyewe. Akasema anatengeneza mashine za hospitali na uinjinia alisomea Ufaransa. Sebuleni ametundika cheti, na kando yake picha yake na wenzake mbele ya lango la shule. Nikatazama vizuri: jina la langoni silo la kwenye cheti! Alipoingia jikoni nikavipiga picha vyote viwili, kisha nikaila pilau yake.

Wakati wa kurudi, niliposimama kutia mafuta, nikalitafuta kwenye simu lile jina la langoni. Shule haipo tena. Ndipo nilipokupigia nikasema cheti ni cha kununua, wajibuni hapana. Nilimsikia Rukia akilia nyuma yako, na bado nikajiona shujaa.

Jumatatu nikamwonyesha picha zile Mzee Kabongo, Mkongo ninayefanya naye kazi, anayejua Kifaransa. Akavaa miwani akasoma mtandaoni historia nzima ya shule ile hadi nikachoka. Zamani zilikuwa shule mbili mji mmoja, moja ya mashine, nyingine ya umeme, zikidharauliana miaka na miaka. Mwisho zikaunganishwa na kupewa jina jipya. Aliyeingia kwa lango la zamani alitoka na cheti kipya.

"Masomo haikufa, ndugu," akasema. "Zilikuwa mbili, zikakuwa moja. Ni kama mariage, ndoa tu."

Sikuridhika. Nikampigia Suleiman mwenyewe, nikamhoji kama askari. Akanitumia barua ya shule inayoeleza huko kuungana, halafu akacheka.

"Nilikuona ukipiga picha, shemeji. Ningekuwa na dada ningefanya vivyo hivyo." Akaendelea: "Nilipokusindikiza nami niliona glavu na fulana ya kazi kiti cha nyuma cha gari lako. Kwenu waliniambia wewe ni meneja uwanja wa ndege. Usijali, sijamwambia mtu. Mimi mwenyewe nilipakia mizigo Ufaransa ili nisome."

Niliona haya, mama. Miaka sita nakwambia niko ofisini, kumbe napakia masanduku ya watu kwenye ndege. Nisamehe, na Rukia anisamehe. Mwambie baba mdogo apeleke jibu jipya haraka, kama Rukia bado anamtaka. Huyo ni mtu.

Nisalimie shangazi, mpishi wetu wa harusi, aanze kuandaa masufuria. Na ile picha yangu uliyoitundika ukumbini, nimekaa nyuma ya meza kubwa, ishushe kabla wakwe hawajaja. Meza ile ni ya bosi wangu.

Mwanao, mpakia mizigo,
Hamad